Rundo la Bi Kanga

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa na nini?
Jamvi.
Juu ya jamvi?
Karata.
Juu ya karata?
Macho.
Macho ya nani?
Ya mwenye wivu.
Basi kaeni vizuri, na mwenye karata mkononi azifiche, maana mwenye wivu huyo anaona mbali.

Zamani, kila kiangazi mto ulipopungua na mashamba kukauka, wanyama wa Kona ya Tope hawakuwa na kazi ila moja, kucheza karata. Jua likianza kulegea, jamvi linatandikwa kwenye mchanga wa kandokando ya maji, kahawa chungu inaletwa, na wanne wanakaa. Walicheza wahedi wasitini, yaani sitini na moja, kwa sababu karata zote zikihesabiwa zina mbegu, yaani alama, mia na ishirini, na upande ukipata sitini na moja, umeshinda, wengine wakalale.

Huo ni mchezo wa wawili wawili. Mwenzako hakai ubavuni mwako. Anakaa mbele yako, mnatazamana. Mmoja anatoa karata, tuseme ya kopa, na wengine wote watoe kopa kama wanazo. Iliyo kubwa inakula zote nne. Kubwa kuliko zote ni ree, halafu saba, halafu wazungu, wale wenye sura. Zilizobaki ni garasa, hazina thamani hata kidogo. Asiye na kopa ana ruhusa ya kukata kwa turufu, yaani aina iliyochaguliwa kutawala mchezo huo, na turufu, hata iwe ndogo kama ukucha wa sisimizi, inaila hata ree.

Lakini utamu wa mchezo hauko katika kula. Utamu uko katika kulisha. Mwenzako anapokuwa anakula, wewe unamwekea saba yako nono juu yake, taratibu, kama mama anayeongeza nyama kwenye sahani ya mgeni. Aliyekula ni yeye, iliyoshiba ni nyumba.

Na katika Kona ya Tope nzima hakuna nyumba iliyoshiba kama ya Nguchiro na Bi Kanga.

Nguchiro alikuwa mnyama mdogo, mrefu, mwenye macho yasiyotulia. Bi Kanga alikuwa ndege wa madoa, mnene kidogo, mwenye kutazama watu kwa jicho moja moja. Walicheza pamoja tangu Nguchiro hajaota ndevu. Nguchiro akitoa, Kanga analisha, kwa kamzunguko kadogo ka ncha ya bawa. Kanga akitoa, Nguchiro analisha. Ishara zilikatazwa na sheria, kwa hiyo kila mtu alikuwa nazo. Yao ilikuwa ndogo: Kanga akiwa na ree ambayo bado hajaitoa, anajikuna chini ya bawa la kushoto. Kuru, kuru. Basi. Nguchiro anajua.

Sasa palikuwa na Kiboko. Kiboko ndiye aliyekuwa Mwenyekiti wa Kamati ya Karata, cheo alichokipata kwa uchaguzi huru ambao yeye ndiye aliyekuwa mgombea, msimamizi na mlango wa kuingilia. Kiboko hakujua kulisha. Kiboko alijua kula. Akiwa na ree anaipiga, pwaa. Akiwa na turufu anaipiga, pwaa. Mwenzake akiwa anakula, Kiboko hawezi kutulia mpaka naye ale. Kwa hiyo alishindwa mwaka hadi mwaka, na kila akishindwa aliunda tume ya kuchunguza utendaji wa mwenzake. Nyumbu alichunguzwa, akaondolewa. Ngiri alichunguzwa, akaondolewa, ingawa siku ya mchezo wenyewe alikuwa anaumwa na hakucheza.

Siku moja Kiboko akashindwa tena na akina Nguchiro. Hakuunda tume. Alipuliza maji puani, kisha akamwita Korongo, katibu wake, ndege wa miguu mirefu na maneno marefu zaidi. Korongo akasimama kwa mguu mmoja akatangaza kwamba, kwa maslahi mapana ya mchezo na katika kusawazisha rasilimali, Bi Kanga amehamishwa. Anatoka mbele ya Nguchiro, anakwenda mbele ya Mwenyekiti. Uhamisho unaanza mara moja, na gharama za kuhama atajitegemea. Akaushusha ule mguu wa pili kwenye tope. Paa. Hapo ndipo muhuri ulipopigwa.

Nguchiro akamtazama Kanga. Alitegemea atakataa, au walau ataugua ghafla kama watumishi wengine. Kanga akakung'uta madoa yake, akanyanyuka, akazunguka jamvi, akakaa mbele ya Kiboko. Na huko akakuta ameshawekewa takia.

Lile takia ndilo lililomchoma Nguchiro kuliko uhamisho.

Yeye alipewa Kakakuona, mnyama mpole wa magamba, mchezaji si mbaya, ila ana maradhi ya woga. Karata ikipigwa kwa kishindo, pwaa, Kakakuona anajikunja, viringi, anakuwa tufe, na mchezo unasimama mpaka ajikunjue. Na Kiboko hakujua kutoa karata ila kwa kishindo.

Ukaanza mchezo mpya, na ajabu ikaonekana. Kiboko akashinda. Kesho yake akashinda tena. Siyo kwamba alijifunza. Kanga alimjua mara moja, kama mtu anavyomjua ng'ombe wa jirani: huyu anataka kula, basi mwache ale, wewe mlishe. Kiboko akipiga ree, pwaa, Kakakuona viringi, na Kanga anaiweka saba juu yake, taratibu, kwa kale kamzunguko kadogo ka ncha ya bawa.

Kale kamzunguko. Nguchiro alikuwa akidhani ni kake yeye.

Tangu siku hiyo hakula vizuri. Akitazama karata zake anaona bawa. Akitazama maji anaona takia. Alianza kuhesabu mambo yasiyohesabika: Kanga amemcheka Kiboko kwa sauti kubwa kuliko alivyokuwa akinicheka mimi, Kanga amemwambia Kiboko “hapo sawa”, na mimi alikuwa akiniambia “sawa” tu. Mwisho akamvizia Kanga mahali pa kunywea maji.

“Unamlisha vizuri,” akamwambia.

“Ndiyo mchezo,” Kanga akasema, akanywa, akainua shingo.

“Zamani ulikuwa ukinilisha mimi.”

“Zamani wewe ndiye uliyekuwa mbele yangu.”

Nguchiro akachimbachimba mchanga. Akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichokusudia kununua, kwa nini asicheze ovyo kidogo, Kiboko ashindwe, amwachie. Kanga akamgeuzia jicho la kulia, halafu akabadilisha, akamgeuzia la kushoto.

“Bwana Nguchiro, mimi nikikaa kwenye jamvi nacheza. Leo nikicheza ovyo kwa ajili yako, siku nikirudi kwako utajuaje kwamba sichezi ovyo?”

Mwenye wivu hapendi maswali yasiyo na jibu, kwa sababu yeye anayo mengi ya kwake tayari.

Na muda ulikuwa unakwisha. Kila mwaka kiangazi kilifungwa kwa mchezo mmoja mkubwa kabla ya mvua za kwanza. Safari hii kamati iliamua kwamba Mwenyekiti na Bi Kanga wakiushinda mchezo huo, Kanga atathibitishwa kazini, na aliyethibitishwa hahamishwi tena mpaka kufa. Wakishindwa, kila mtu arudi kwa mwenzake wa zamani. Korongo akashusha mguu, paa, ikawa sheria.

Nguchiro akaingia shimoni mwake, akakaa na wivu wake kama watu wanavyokaa na mgonjwa. Akamtazama kichwani, akamtazama miguuni. Akajiuliza: nini hasa kinaniuma? Kushindwa? La, nimewahi kushindwa nikalala usingizi. Kanga kukaa kule? Hata hilo ningelizoea, kama ningekuwa kipofu. Kinachoniuma ni kuona. Naona kilichokuwa changu kimewekwa mbele ya mwingine.

Masharubu yake yakasimama. Kumbe ugonjwa ule ulikuwa na dawa, ila dawa yenyewe ni kumpa mtu mwingine ugonjwa huohuo.

Katika kikao kilichofuata, Nguchiro akaomba nafasi ya kutoa pendekezo. Alilipaka asali pande zote. Akaanza kwa kuishukuru kamati, akamshukuru Mwenyekiti, akaushukuru mto kwa kumbeba Mwenyekiti. Ndipo akaeleza kwamba kwa desturi ya sasa karata zilizoliwa na wenza wawili hurundikwa pamoja, rundo moja, na kwa hiyo haijulikani nani amekula nini. Yeye anapendekeza kila mchezaji aweke mbele yake mwenyewe alichokula, wananchi waone. Mwisho wa mchezo marundo ya wenza yatajumlishwa kama kawaida. Hakuna kinachobadilika ila uwazi.

“Wananchi wana shida gani na rundo moja?” Kiboko akauliza.

Nguchiro akainamisha kichwa. “Mheshimiwa, mimi nisingelisema.”

“Sema.”

“Wanaulizana chini chini. Wanasema upande wa Mwenyekiti unashinda, sawa. Lakini anayekula hasa ni nani? Mwenyekiti, au Bi Kanga?”

Kiboko akafumba kinywa, jambo ambalo kwa Kiboko ni kazi ya mwili mzima. Akamtazama Kanga kwenye takia lake. Kisha akasema kwamba kamati hii tangu asili inaamini katika uwazi. Korongo akashusha mguu. Paa.

Kanga alimtazama Nguchiro kwa jicho moja, muda mrefu, bila kubadilisha.

Siku ya mchezo mkubwa wingu la kwanza lilikuwa limeshatokea upande wa milimani. Wanyama wakajaa, wengine juu ya mawe, wengine majini mpaka shingoni. Turufu ikawa shupaza, ile nyeusi yenye ncha. Kila mtu akapanga karata zake. Za Kiboko zilikuwa za kifalme: ree ya turufu anayo, saba ya turufu anayo, mzungu wa turufu anaye. Uru hana hata moja. Pau hana hata moja. Mwenye mkono kama ule anashinda hata akisinzia, ilimradi asinzie kweli.

Kanga akaanza. Akatoa ree ya uru, ikala. Akaweka rundo lake mbele yake, dogo, safi.

“Hongera, Bi Kanga,” Nguchiro akasema polepole. “Rundo lako limeanza kunona.”

Wanyama wakaguna kwa kukubali. Kiboko akatazama rundo la Kanga. Akatazama mbele yake mwenyewe. Mbele yake palikuwa na jamvi tu.

Kanga akatoa saba ya uru. Ree ilikuwa imeshapita, kwa hiyo saba ile haikuwa na mkubwa. Ilikuwa inakula yenyewe, ilikuwa imeshakula. Kiboko hakuhitajika kufanya chochote ila kutupa garasa na kunywa kahawa. Akainua mzungu wa turufu, akamkata mwenzake.

Pwaa. Kakakuona, viringi.

Wakasubiri ajikunjue. Kiboko akazivuta zile karata mbele ya kifua chake, akazipangapanga, akazigongagonga zikae sawa.

“Sasa angalau yamelingana,” Nguchiro akasema.

Raundi zilizofuata mbili tatu Kakakuona alikula kwa wazungu wake, kwa utulivu, Nguchiro akimlisha, na hakuna aliyewatazama, kwa sababu watu wote walikuwa wanatazama marundo mawili ya upande wa pili. Kisha Kanga akapata nafasi, akaweka ree ya pau. Ikalala pale jamvini, nono, imeshakula.

“Hilo la Bi Kanga,” Nguchiro akanong'ona, si kwa mtu yeyote, “sasa litahitaji kibanda.”

Kiboko akainua saba ya turufu. Pwaa. Viringi.

Kanga akafumba macho yote mawili. Alipoyafumbua alisema kwa adabu kabisa, “Mwenyekiti, ile ilikuwa yetu.”

“Sasa ni yangu,” Kiboko akasema, akaivuta.

Na mara ya tatu, Kanga akiwa na kijizungu cha uru ambacho hakikuwa na wa kukishinda, kitu cha thamani ya mbegu mbili tu, Kiboko akakikata kwa ree ya turufu. Ree ya turufu, mabwana, karata kubwa kuliko karata zote za dunia, ikatumwa kwenda kumpora mwenzake kipande cha muhogo. Pwaa. Safari hii Kakakuona alijikunja kabla haijafika chini, akabaki hivyo kwa muda, na sauti yake ikasikika kutoka ndani ya tufe ikiuliza kama ameshamaliza.

Alikuwa amemaliza. Turufu zake zote zilikuwa mbele yake kwenye rundo, zimelala kama wanajeshi waliokufa wakipigana na wapishi wao.

Zikabaki karata mbili mbili mkononi. Kiboko akatoa garasa ya kopa. Kakakuona garasa. Kanga garasa. Ikafika zamu ya Nguchiro, asiye na kopa hata moja, mwenye garasa ya uru na turufu moja tu: mbili ya shupaza, iliyo ndogo kuliko turufu zote. Mkono wake ukaenda kwenye ile mbili. Raundi ilikuwa haina kitu, lakini alitamani kumnyang'anya Kiboko kitu, chochote, mbele ya watu.

Ndipo aliposikia. Kuru, kuru.

Kanga alikuwa anajikuna chini ya bawa la kushoto.

Nguchiro akaganda. Ishara ile Kiboko hakuijua. Alikuwa akisema ishara ni za wasio na cheo. Basi Kanga alikuwa anamwambia nani? Ina maana ree ya kopa bado anayo? Au ni viroboto, maana kiangazi huwa wengi? Akamtazama. Kanga alikuwa anatazama wingu.

Nguchiro akairudisha mbili, akatupa garasa ya uru. Kiboko akazila garasa nne zisizo na thamani yoyote, akaziweka juu ya rundo lake, likapanda. Watu wakashangilia. Akacheka.

Ya mwisho. Kiboko akapiga saba ya kopa, pwaa. Viringi, wakasubiri. Kakakuona, mzungu wa kopa. Kanga akaiweka karata aliyobaki nayo, ree ya kopa. Na Nguchiro, kwa vidole viwili, taratibu, akaiweka juu ya vigogo hao wote ile mbili yake ya shupaza. Haikutoa hata sauti.

Kiboko alikuwa ameshasimama kupokea pongezi, kwa sababu rundo lake lilikuwa kubwa kuliko marundo yote ya jamvi. Korongo akahesabu. La Mwenyekiti na la Bi Kanga, jumla, hamsini na tisa. La Nguchiro na la Kakakuona, sitini na moja.

“Lakini langu ndilo kubwa,” Kiboko akasema.

“Ndilo kubwa, Mheshimiwa,” Korongo akajibu. “Hilo halina ubishi na litaingia kwenye kumbukumbu.”

Kamati ikakutana papo hapo, ikamtunuku Mwenyekiti heshima ya Mlaji Bora wa Kiangazi. Yeye akatoa hotuba akisema kwamba upande wake umeangushwa na mtu mmoja mwenye rundo dogo, ambaye kwa sababu hiyo anarudishwa alikotoka. Akaingia majini, tubwii, na heshima yake.

Mvua ikanyesha, ikakatika, jamvi likatandikwa tena. Kanga akaja akakaa mbele ya Nguchiro. Alikuja na takia. Nguchiro aliliona, akaamua kutoliona. Alitaka sana kuuliza kuhusu ile kuru, kuru, ilikuwa ishara au kiroboto, lakini aliogopa majibu yote mawili. Kama ni kiroboto, basi hakumsaidia. Kama ni ishara, basi Kanga anaweza kumsaliti aliye mbele yake.

Wakacheza na Ngiri na Kakakuona. Ile sheria ya marundo bado ilikuwepo. Kuifuta kulihitaji kikao, na kikao kilimhitaji Mwenyekiti, na Mwenyekiti alikuwa majini akila. Kwa hiyo kila mtu aliweka chake mbele yake. Kanga siku hiyo karata zilimpenda. Akala, akala tena, akala tena.

“Bi Kanga,” Kakakuona akasema kwa moyo mweupe kabisa, “rundo lako limenona.”

Nguchiro akalitazama. Akatazama mbele yake mwenyewe. Palikuwa na jamvi.

Kanga akatoa ree ya pau, ikalala imeshakula. Nguchiro hakuwa na pau. Mkononi alikuwa na saba ya kopa, nono, ya kumlishia mwenzake, na kando yake turufu moja. Alijua la kufanya. Alilijua tangu hajaota ndevu. Mkono ukaenda kwenye saba. Ukasimama. Watu walikuwa wanatazama. Mkono ukasogea kidogo.

Pwaa.

Kakakuona, viringi.

Kanga akaitazama ile turufu juu ya ree yake. Akamtazama Nguchiro kwa jicho la kulia, akabadilisha, akamtazama kwa la kushoto.

“Kumbe Kiboko hakuondoka,” akasema. “Amepungua mwili tu.”

Akachukua takia lake, akaondoka.

Basi somo la hadithi, kama lilivyopitishwa na kamati na kupigwa mguu, ni hili: ukicheza na mwenzako, hakikisha rundo lako linalipita lake. Kushindwa mtashindwa wawili, lakini heshima utatunukiwa peke yako.

Na hadithi yangu imekunjwa pamoja na jamvi. Ikiwa tamu, tumeila sote. Ikiwa chungu, niwekeeni mbele yangu, niione mwenyewe.